Breki ya Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 7 Juni

Siti bado iko juu. Nimeishusha tena upana wa kidole, nikauzunguka uwanja wa nyumba, nikashuka kwa namna ambayo jirani yangu Mama Neema aligeuza uso nisimwone akicheka. Namshukuru kwa heshima hiyo.

Baiskeli niliichagua juzi Igoma, kwenye lundo la mtumba wa Japani nje ya karakana ya fundi Shabani. Nilikwenda na akili ya ualimu: kwanza fremu, isiwe na ufa wala alama ya kuchomelewa. Fundi akaniambia nisimame nimeitia baiskeli katikati ya miguu, nyayo chini, nione kama bomba la juu linanigusa. Ya kwanza ilinigusa mahali ambapo sitaandika hata humu. Kwenye ya pili nilifanana na kiboko juu ya kigoda. Ya tatu, ya kijani, ikanikubali. Tairi pana zenye meno. Shokapu za mbele zinabonyea na kurudi bila kulia. Gia nyepesi ya kupandia mlima. Nilimwomba nyepesi kuliko hiyo, akasema, "Mama, nyepesi kuliko hiyo ni kushuka uisukume."

Daktari wa goti alisema nisitembee sana, nipande baiskeli. Hakusema nipande njia za mawe. Hilo nimejiongezea.

Mume wangu, Baba Kulwa, ameizunguka kama anayenunua ng'ombe. Akauliza inabeba magunia mangapi. Nimemwambia moja. Limesimama mbele yake.

Jumanne, 10 Juni

Igoma tena, kuirekebisha. Fundi ametoa upepo kidogo kwenye tairi ili zishike mawe. Handeli ameinyanyua kwa ajili ya mgongo wangu, ambao nao una maoni yake siku hizi.

Halafu breki. Mimi ni mashoto. Shuleni walinichapa mpaka nikaandika kwa kulia, na ubaoni naandika kwa kulia hadi leo. Nakula kwa kulia, nasalimia kwa kulia. Lakini kisu, mkasi, jembe, chochote kinachoweza kumkata mtu, nakishika kwa kushoto. Baiskeli zote mjini hapa breki ya mbele iko mkono wa kulia, ya nyuma kushoto. Ya mbele ndiyo yenye nguvu, na ndiyo inayotaka mkono wenye busara: ukiikaba ghafla kwenye mteremko inakurusha. Mkono wangu wenye busara ni wa kushoto. Nikamwambia fundi abadilishe waya.

Akabadilisha. Akasema, "Ila akipanda mtu mwingine, mama, umwambie kabla." Nikamuuliza nani atajisumbua kupanda baiskeli ya mwalimu mnene. Tukacheka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefika ziwani. Kutoka nyumbani Nyegezi, nikapita kwa juu, nikashuka ile njia ya mawe ya kuelekea Luchelele hadi majini. Sehemu mbili nilishuka nikasukuma, na mbuzi walikuwa mashahidi. Lakini mteremko mrefu niliuteremka mwenyewe, vidole viwili vya kushoto, taratibu, baiskeli inanitii kama mtoto wa watu. Nimekaa juu ya jiwe, miguu majini, nikajisikia msichana. Furaha tupu.

Nimerudi nimekuta Baba Kulwa amechemsha chai. Alikuwa akinitazama toka juu. Anasema nateremka kama mwanamke aliyebeba trei ya mayai. "Kesho, Mama Kulwa, nitakuonyesha watu wa Misungwi wanavyoteremka. Sisi tulishusha magunia ya pamba kwa baiskeli."

Nikamwambia asiisahau njia ya hospitali. Huo ndio utani niliofanya. Niuandike nisije nikausahau.

Jumapili, 15 Juni

Ameanguka. Alitoka mapema, bado nimelala. Mtulinga, mfupa wa begani, umevunjika, wa upande wa kulia. Uso umechubuka. Wachunga mbuzi ndio waliomwinua.

Hospitali siku nzima. Daktari kijana akamuuliza, "Mzee, ulisikia kizunguzungu?" Akawaza. Akasema labda. Baiskeli ilisimama ghafla, kisha akaona mawingu. Wakampima presha, wakaikuta juu. Na ya nani isingekuwa juu, amevunjika mfupa. Wakaandika: kizunguzungu, presha. Wakamwongezea dawa.

Jioni Mama Neema amesaidia kuisukuma baiskeli hadi kwetu. Nimeipokea mlangoni. Uwanja una mteremko kidogo, nikakaza breki bila kuwaza. Kwa kushoto.

Gurudumu la mbele likaganda.

Fundi alisema nimwambie kabla; sikumwambia.

Jumatatu, 16 Juni

Sijasema. Amelala vibaya, nikaona si wakati.

Jumanne, 17 Juni

Sijasema. Amelala vizuri, nikaona nisimharibie.

Alhamisi, 19 Juni

Mkono wake wa kulia umefungwa kifuani kwa kanga yangu ya zamani, kwa hiyo nafundisha darasa jipya: mtu mzima kula kwa mkono wa kushoto. Tonge la ugali linamponyoka, linaingia kwenye mchuzi, mchuzi unaruka. Anatukana kwa Kisukuma, kwa adabu. Namwambia tonge halikabwi, linaviringishwa. Anasema miaka yote hii alidhani nimelaaniwa mkono, kumbe ni ufundi.

Tulicheka mpaka akashika bega. Halafu nikaenda jikoni nikasimama tu, natazama sufuria.

Jumapili, 22 Juni

Watoto wamepanga mkutano wa simu. Mapacha wangu Kulwa na Doto hawajawahi kukubaliana jambo tangu tumboni, ila leo wamekubaliana: baba asiendeshe tena gari. Kulwa anasema angekuwa kwenye usukani angekufa. Doto anasema shamba la Usagara halimfai tena mtu wa kizunguzungu, ng'ombe wauzwe, apumzike.

Baba yao alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Sawa, wanangu." Mtu huyu ambaye hajawahi kukubali hata bei ya nyanya.

Ufunguo wa gari nimekabidhiwa mimi. Nimeuficha kwenye kopo la sukari.

Jambo baya kuliko yote niliandike sasa, maana hakuna mwingine atakayelisoma. Napenda awepo nyumbani. Kila Ijumaa huwa anaondoka kwenda Usagara kwa ng'ombe wake, mimi nabaki na redio. Sasa Ijumaa imepita, naye alikuwa kibarazani ananisimulia habari ambazo nimezisikia mara nyingi, nami nikaziona mpya. Nanufaika na mfupa wa mume wangu. Mwalimu wa dini ningemsimulia hili tu, angekimbia.

Jumatano, 25 Juni

Dawa mpya inamchosha. Leo akisimama amejishika ukutani. "Unaona, Mama Kulwa? Kizunguzungu chenyewe hicho." Kwa hiyo sasa anacho kweli. Tumekitengeneza. Nimekitengeneza.

Nilifungua mdomo. Ikatoka, "Kaa nikuletee maji."

Jumamosi, 28 Juni

Nimejaribu njia ya waoga. Nimemwuliza, kama anayeuliza hali ya hewa, je, haiwezekani ni baiskeli ilikuwa na hitilafu? Akakataa kabisa. Anasema aliikagua kwa macho yake, imefungwa vizuri kuliko gari la serikali, na fundi Shabani asisingiziwe. "Nilikaba ya nyuma tu, kwa akili. Ya mbele sikuigusa. Mwili ndio uliozima."

Ananitetea bila kujua. Anatetea baiskeli dhidi ya mwili wake mwenyewe.

Mchana nilimwona kibarazani akijaribu kusimama kwa mguu mmoja, macho amefumba, kama mtu anayejipima. Aliponiona akajifanya anatafuta ndara.

Jumatano, 2 Julai

Mnunuzi wa ng'ombe anakuja Jumapili. Wote waondoke, hata yule jike mwenye baka jeupe aliyezaliwa mikononi mwake wakati wa mvua. Amenieleza hali ya kila mmoja, huyu anapenda chumvi, yule hapendi kuitwa kwa sauti kubwa, ili nimwambie mnunuzi endapo yeye atakuwa amelala. Asubuhi. Atakuwa amelala asubuhi. Mtu aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo.

Msukuma anaachana na ng'ombe kwa ajili ya mahari, msiba au ada ya shule. Huyu anauza kwa ajili ya waya wa breki.

Ijumaa, 4 Julai

Nilipanga kusema baada ya chakula. Mama Neema akaja kutuona. Akasema jinsi ninavyomhudumia mzee, mbinguni nina kiti changu. Baba Kulwa akaunga mkono. Akasema angeoa mwingine wa kulia mtupu, sasa hivi angekuwa amekufa njaa.

Nimewamiminia chai wote wawili. Nikamwuliza Mama Neema sukari vijiko vingapi. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeshindwa kusema, kwa hiyo sikusema. Nimeitoa baiskeli chumba cha stoo, nikaileta kibarazani mpaka alipokaa. Nikaishika kwa mbele, nikaliinua gurudumu, nikalizungusha kwa nguvu. Likawa linazunguka, spoki zinalia.

"Shika breki," nikamwambia.

Akadhani ni mchezo. Mkono mmoja tu ndio uko huru, wa kushoto, akanyoosha, akabana.

Gurudumu la mbele likasimama mikononi mwangu.

Akaachia. Nikalizungusha tena, sijui kwa nini. Akabana tena. Likasimama tena. Akalitazama. Akautazama mkono wake. Kisha akanitazama mimi.

"Tangu lini?"

"Tangu Igoma. Mimi ndiye niliyemwambia fundi. Na alinionya."

"Na ulijua?"

"Jioni ya siku ile ile uliyoanguka."

Aliiachia breki. Mwishowe akasema, polepole, "Nimejipima kwa mguu mmoja kama kuku, Mama Kulwa. Humu humu nyumbani mwako." Akaingia chumbani.

Nimempelekea chakula. Amekula kwa kushoto, bila kumwaga tone, bila kuniangalia.

Nilitegemea angenigombeza. Ningejua pa kushika. Nastahili vibaya zaidi ya hiki kimya, na kimya chenyewe nastahili.

Jumapili, 6 Julai

Ameamka kabla ya jogoo. Nimesikia bakuli jikoni, nikatoka, nikamkuta anafungua makopo moja moja. Kumbe alijua muda wote kwamba mficho wangu hauvuki jikoni. Nikamwonyesha la sukari. Akauchukua ufunguo, akaupangusa kwenye shati.

Amewapigia watoto, akaweka sauti ya nje, akaniwekea simu mbele. "Waambie." Nikawaambia yote. Doto akauliza, "Mama, kweli?" kwa sauti aliyokuwa akiitumia utotoni nikimwambia sindano haiumi. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kesho tunakwenda kliniki wote wawili. Amesema dawa haiachwi kwa kujiamulia. Daktari ndiye atakayesema, lakini maelezo nitayatoa mimi, nimesimama, kama wanafunzi wangu.

Mnunuzi alifika. Akapewa chai, akaambiwa ng'ombe hawauzwi, akaondoka ameshiba. Baba Neema wa jirani amekubali kuendesha gari hadi Usagara, Baba Kulwa akae pembeni amwelekeze, nami namwonea huruma dereva. Amevaa kofia yake ya shamba. Mlangoni nikamuuliza atarudi lini. Akasema jioni, au kesho alfajiri kabla ya kliniki, ng'ombe ndio watakaoamua. Kisha akasema kanga yangu imepungua upindo, nisiutafute.

Sikumwelewa mpaka nilipokwenda stoo.

Baiskeli imesimama ilipokuwa. Kwenye breki ya kushoto pamefungwa kipande cha kitambaa chekundu, upindo wa kanga inayobeba mkono wake. Cha kumwonya atakayefuata.

Fundo amelifunga kwa mkono mmoja, ule niliomfundisha. Limelegea, limekaa upande. Nimeligusa. Sikulikaza.

Leo sijapanda. Nimewasha redio, kisha nikaizima.