Bobini ya Sita Ilibaki Luberizi

Shemeki yangu Bisimwa,

Nimekasirika. Habari za huko sikuulizi, utanipa mwenyewe siku nitafika. Nimemukasirikia mutu mumoja wa Kinshasa, nimewakasirikia watu wote wa Nyawera, nimekukasirikia na weye uliyejiendea. Kuna mutu mwingine tena ambaye nimemukasirikia kuliko hao wote, lakini huyo nitamutaja mbele.

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Dada yangu, bibi yako, anakula kidogo, lakini anakula. Nabintu, binti yako, anaendelea na masomo. Paa ya jikoni yenu nimeitengeneza mimi mwenyewe, mabati kumi na mawili nimeyabeba kichwani safari moja, kutoka soko mpaka kwenu, na mvua inanipiga. Najua. Ungekuwa hapa ungefunga jicho moja na kusema, "Ondoa nusu, shemeki." Haya, mabati sita.

Sasa sikiliza matusi tuliyopata.

Padri alitangaza kanisani kwamba filme ya tatu ya Wasafiri wa Nyota ya Nane iko njiani, inatoka Bujumbura, Pasaka tutaiona mu sali ya mikutano ya parokia. Tangu siku ile, kwa Cirhuza mufundi cherehani hakuna nguo inashonwa. Watu wanajaa pale kubishana. Kwanza, nani anatunga hizi filme? Mumoja anasema ni muzungu muzee mwenye ndevu. Mwingine anasema ni ndugu wawili, mumoja anaandika, mwingine anashika kamera. Mama Zawadi muuza samaki wa sambaza anaapa kuwa ni mwanamuke, kwa sababu mule ndani Kapiteni, mwenye chombo cha angani, ananawa mikono kila mara kabla ya kula, na mwanaume hawezi kuwaza jambo kama hilo.

Halafu filme ya tatu yenyewe. Nusu ya Nyawera inasema Kapiteni ataitwa tena kwa vita na ataacha shamba lake la muchele. Nusu nyingine inakataa. Cirhuza alisimama na makasi mukononi, akapiga kelele: "Muchele ukishaiva hauachwi! Dunia iungue, nyota ziungue, mutu anavuna kwanza!" Wakamupigia mikono. Nilifurahi, shemeki. Nilikusikia mu kinywa ya kila mutu.

Njo Kabeya akaingia. Humujui, alifika baada yako, ni mwanafunzi kutoka Kinshasa, anavaa koti ya abakosti iliyopigwa pasi mpaka unaweza kujikata nayo. Alikuwa na gazeti ya sinema, ya Kifaransa, yenye picha. Akamuuliza Cirhuza, "Situayen, muchele gani?"

Akatufungulia gazeti. Mutungaji na watu wanaotoa filme wamegombana, anasema. Filme ya tatu wamemupa mutu mwingine kabisa. Na huyo mupya hana shida ya Kapiteni, kwa sababu Kapiteni alikufa mwisho wa filme ya pili, aliungua ndani ya chombo chake. Picha ilikuwa pale, moto mutupu. Muchele, hapana. Hata punje moja.

Watu wakaiinamia ile picha. Na mimi, unanijua, kunyamaza hakukuwekwa ndani yangu. Nikasema mutungaji namufahamu, nilimuvusha mutoni Ruzizi juu ya mabega haya siku alikuja kupiga picha za mashamba, na alikuwa mwepesi kama kuku ya njaa.

Kabeya akacheka, pole pole, kama mutu anayecheka mutoto. "Tonton, mutungaji hajakanyaga Zaïre hata siku moja. Yule muelezaji wenu aliwadanganya. Alikuwa muongo, ni vile tu."

Muongo! Weye! Miaka yote ulisimama kando ya ile shuka nyeupe na fimbo yako, mimi nyuma nikizungusha mashine, filme inasema Kifaransa chake na weye unatugeuzia yote kwa Kiswahili, mpaka mabibi waliotoka kulima wakawa wanalia kwa ajili ya watu wa angani. Na unajua nani alicheka pamoja na Kabeya? Cirhuza. Weye uliyemusimamia mutoto wake kwa ubatizo! Nilitaka kuichukua ile cherehani yake nikaitupe mu ziwa. Ningefika nayo, haki ya Mungu.

Lakini Nabintu alikuwa amesimama mulangoni na kikapu ya nyanya. Alisikia neno hilo. Akaondoka.

Jioni akaniuliza, tumekaa na mama yake tunachambua majani ya sombe. "Tonton, ile muchele ilikuwa mu filme, ao papa aliitunga?"

Mama yake akasimamisha mikono. Nikawaambia habari ya chui aliyenifukuza Lwiro. Nabintu akaniangalia mpaka chui mwenyewe akaona haya. Akaingia ndani.

Basi tufike kwa yule mutu wa mwisho. Weye unamujua. Ulimujua toka siku ile.

Ni mimi niliyetumwa Bujumbura kuleta mikebe sita ya filme ya pili, kila mukebe na bobini yake ndani. Tulipofika Luberizi lori ikakufa. Agronomu, bwana wa kilimo cha muchele, alikuwa pale na mikebe yake, filme ya kufundisha wakulima, akatupa kivuli cha depo yake ya muchele na mutungi wa kasiksi, pombe ya ndizi. Nilikunywa. Watu wengine wanasema glasi mbili. Zilikuwa saba, na mara hii usiondoe kitu. Lori ilipopona nikapakia mikebe sita, nikahesabu mara mbili, sita, nikapanda juu nikiimba. Sikusoma kilichoandikwa juu yake.

Siku ya Mungu, misa ilipokwisha, sali imejaa, madirisha yamefungwa. Bobini tano zikaenda vizuri. Chombo cha Kapiteni kimezungukwa, hakuna njia ya kutoka, watu wameshikana mikono. Naweka ya sita. Na mbele ya watu wote wa Nyawera inatokea shamba ya maji na mutu mwenye kofia, ameinama, anapanda muchele.

Watu walianza kupiga miluzi. Padri aligeuka kunitafuta. Ningefukuzwa siku ile ile, na bibi yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Ukaniangalia juu ya vichwa vyao. Ukavuta pumzi mara mbili. Kisha ukainua fimbo.

"Miaka ikapita," ukasema. "Mumemuona huyu anayetugeuzia mugongo? Ni yeye. Alitoka. Amechoka kuua. Amekuja mahali ambapo hakuna anayemujua, na anajifunza kupanda."

Miluzi ikakoma. Wakati ng'ombe wanalima, ukasema wale ni adui zake wa zamani, amewasamehe. Wakati maji yanaingia mu mashamba, bibi mumoja akaanza kuimba wimbo wa kanisa na wote wakaitika. Walitoka wakikumbatiana. Sijaona tena kitu kama kile, na mimi nimeona mengi, hata nikiondoa nusu.

Bujumbura nikarudisha mikebe tano. Nikawaambia ya sita mamba ya Ruzizi aliimeza. Ile ya muchele nikaificha chini ya kitanda. Weye hukuniuliza kitu. Si siku ile, si kesho yake, si mwaka uliofuata. Mara moja tu, pale hospitali, ulishika mukono wangu ukaanza: "Shemeki, ule mukebe..." Nami nikakukata maneno, nikakupigia hadithi ya lori niliyoisukuma kupanda mulima wa Ngomo peke yangu. Ulicheka, ukachoka, ukalala. Asubuhi hukuamuka. Ulitaka kusema nini? Nijibu! Ungesema nini, kama ningefunga kinywa changu kidogo tu?

Juzi nilishuka Luberizi. Agronomu alihamishwa zamani, lakini muzee wa depo alinitambua kwa sauti kabla hajaniona. "Ni weye ulituachia hii?" Mukebe wetu uko chini ya mizani ya kupimia muchele, ameuweka hapo ili mizani isiyumbe. Miaka yote. Hakuna aliyeufungua tangu agronomu alipochungulia ndani, akatukana, akaufunga.

Nikauleta. Nikamwita Nabintu mu sali, sisi wawili tu, nikazungusha. Kabeya alisema kweli, na hilo linaniuma kama jino. Kapiteni anakufa. Moto unamukula, chombo kinapasuka, maandishi yanapanda. Hakuna kingine. Ni mwisho mubaya, shemeki. Mutu amepigana filme mbili nzima, wanamuchoma kama takataka!

Nikamwambia Nabintu yote, kasiksi na mamba. Akauliza, "Papa alijua ni weye?" Nikasema alijua. "Na akabeba hiyo hadi kaburini." Nikasema ndiyo. Akafuta uso kwa mukono wa nguo. "Sasa utasema weye, Tonton. Mbele yao. Na Cirhuza akae musitari wa kwanza."

Nimemuahidi, na sasa nakuahidi weye. Pasaka, kabla ya filme yao ya tatu, Padri amekubali, nitaweka bobini ya sita. Waone moto. Kisha nitasimama pale kando ya shuka, mahali pako, niseme ni mimi niliyeipoteza, na kwa nini, na glasi ngapi. Kabeya asikie nani muongo wa Nyawera. Akitaka kunifukuza, Padri anifukuze.

Halafu nitaweka muchele. Nabintu ataelezea. Fimbo yako anayo, nimemusikia anajaribu sauti nyuma ya nyumba, anavuta pumzi mara mbili kama weye. Watungaji wa kule wagombane, wapeane filme ya tatu na ya kumi, ni shauri yao. Mutungaji wetu tulimuzika sisi wenyewe.

Lala salama, shemeki. Nitakuja na maua siku ya pili ya Pasaka, nikuambie walivyonyamaza.

Na barua hii, usiondoe nusu.

Shemeki yako,
Mugisho