Vikapu Tisa vya Keringet

Nakuru,
22 Septemba 2008

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wote wa hapo kwa Wanyoike, Kikopey, Gilgil. Goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima, ila macho yanawasha kwa sababu nimechomelea vyuma wiki nzima bila kupumzika. Kazi iko, na Mungu hajaniacha.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya huko ni ya Wanyoike, na ndugu yangu huyo huiweka sauti ya juu mpaka bucha yake nzima isikie. Tafuta miwani usome mwenyewe. Nimesikia kwamba tarehe kumi na tano Oktoba anakupeleka kutia sahihi ili shamba letu la Keringet liuzwe. Nakuomba, kabla ya kushika kalamu hiyo, ufike mwisho wa barua hii.

Kwanza nikueleze ile safari ambayo Wanyoike anaichekelea. Aliniambia mbele ya wateja wake kwamba mwanamke wa miaka thelathini na minne anayerusha visahani porini ni mwanamke aliyekosa mtoto wa kubeba. Lakini wewe usipokee habari zangu kutoka kwake. Mchezo wenyewe ni rahisi: unarusha kisahani cha plastiki kutoka mbali mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo, na anayefika kwa mirusho michache ndiye mshindi. Mwalimu Odero, anayefundisha michezo kwenye shule moja hapa mjini, aliachiwa visahani na mgeni, akakosa vikapu, akaja kwangu. Vikapu vyote tisa nimevichomelea mimi kwa rimu kuukuu za baiskeli na minyororo ya mbwa, kila kimoja kilo ishirini na mbili. Halafu wachezaji walipochapisha tisheti wakaandika "Kikundi cha Mwalimu Odero". Niliigeuza tisheti hiyo mbele, nyuma, hata ndani. Jina langu halimo.

Kwa hivyo walipoanza kuzungumzia safari ya milimani, niliamua safari hiyo itapangwa na mimi. Odero alitaka twende Menengai, tuwahi kurudi kwa chakula cha mchana. Harpreet, mwenye duka la hardware linaloniuzia minyororo, alitaka Nyandarua kwa sababu ya picha. Tanveer, mchezaji mwenzetu, alisema popote ni sawa, mradi isiwe mwezi wa kufunga, maana hawezi kupanda mlima koo likiwa kavu halafu juu ya hayo ashindwe na Harpreet. Mimi nikasema Keringet. Odero akaniuliza polepole kama nimesahau Januari, watu walivyochomeana nyumba baada ya uchaguzi. Nikamjibu sijasahau, lakini kama kila mtu atakwepa vilima kwa sababu ya Januari, mwisho tutabaki kurushiana visahani sebuleni. Harpreet akacheka, akasema huyu fundi akishawasha mashine, hata stima ikipotea haizimiki.

Mwezi wa nane nilipanda huko na Odero kupima. Mimi nilipima kwa kamba. Yeye alipima kwa hatua, na hatua za Odero ni ndefu akishiba na fupi akiwa na njaa. Alikuwa amepanga umbali uleule wa hapa mjini, bila kufikiria kwamba kule juu hewa ni nyepesi: kisahani kinachofika mita sabini hapa Nakuru, kule kinaanguka kwenye sitini na tatu, tena kinakata kushoto mapema. Nilirusha mara ishirini kuhakikisha. Alikubali, ila alisema ningekuwa mwanafunzi wake angewaomba wazazi wangu wanihamishe shule.

Mengine yote yako tayari. Tunaondoka Ijumaa tarehe kumi Oktoba, sikukuu ya Moi Day, saa kumi na mbili asubuhi, kwa basi dogo la shule. Tuko watu kumi na watatu. Vikapu tisa ni kilo mia moja tisini na nane, na keria ya juu ya basi haistahimili zaidi ya mia moja na hamsini, kwa hivyo vitatu nimevikata miguu iwe ya kufungwa kwa bolti, viingie chini ya viti. Maji ni lita thelathini na tisa, tatu kwa kila mtu. Chifu anajua tunakuja, na mwenye malisho tutakapochezea amekubali.

Mwenye malisho ni Mzee Kipsang. Usirarue barua, Mama. Ndiyo, ni Kipsang jirani yetu, yule ambaye umesema hata kanisani kwamba ndiye aliyeichoma nyumba yetu.

Mama, nyumba haikuchomwa.

Unakumbuka Februari ulikuwa umeshafunga nguo zako kwenye kiondo, ukanituma nitangulie nione kama unaweza kurudi. Nilipanda lori la viazi hadi barabara ya chini. Niliiona kwa macho yangu haya: mabati yote ishirini na manane yako juu, mlango umefungwa, tangi limesimama. Lakini njiani nilikuwa nimepita maboma sita, na manne yalikuwa bado yanatoa moshi. Nilipiga hesabu ya wewe kuishi huko peke yako, nikaikataa. Nilijua nikikwambia nyumba ipo, hata ukifungwa kamba ungeenda. Nikarudi nikasema umebaki msingi tu. Ulipouliza ni nani, nilinyamaza. Ukamtaja Kipsang, nikaendelea kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakoniuma kuliko uongo wenyewe.

Kumbe mzee huyo ndiye aliyetia kufuli yake mlangoni petu na kulaza ng'ombe wake uani, ili wapitao waone ni kwake, wasiichome. Mwezi wa nane aliniuliza, Odero akiwa kando yangu, kama ni kweli huko Gilgil watu wanasema yeye ndiye mchomaji. Nilimwambia ni kweli yanasemwa, na aliyeyaacha yasemwe ni mimi. Alichuna majani machache. Kisha akasema tucheze tukitaka, afadhali nirushe visahani kuliko maneno. Lakini ufunguo hakunipa. Alisema atautia mkononi mwa mwenye nyumba.

Sasa unajua kwa nini nilishikilia Keringet. Nilitaka upande huko mchana, katikati ya watu wa kila kabila na kila dini, na urudi jioni hiyohiyo. Wenzangu nimewaeleza yote juzi, nikadhani watajitoa. Hakuna aliyejitoa. Harpreet aliuliza tu kama unakula pilipili.

Alhamisi tarehe tisa nitakuja kukuchukua mwenyewe. Wanyoike akipiga kelele, mwache apige, mimi nitakuwa langoni saa nane mchana. Msamaha nitakuomba hapo, na nitauomba tena mbele yako na Mzee Kipsang, nikiwa nimepiga magoti. Baada ya hapo shamba ni lako. Ukiamua kuuza, uza. Lakini utauza nyumba, si majivu.

Nisalimie watoto wa Wanyoike, na yeye mwenyewe pia, kwa kuwa ni damu yangu hata akinicheka. Beba sweta ile nzito. Mungu akulinde mpaka nikuone.

Ni mimi, binti yako niliyekukosea,

Wariara