Mama Mkwe Juu ya Kyanzoka

Jumatatu, 8 Julai

Ukungu umekalia Kyanzoka tangu alfajiri. Kutoka hapa Kambu huoni kichwa cha kilima, unaona magoti tu. Wazee wanasema ni pumzi ya joka lililolala ndani ya mwamba. Likigeuka ubavu — mvua!

Nimewapandisha wageni wawili wa Nairobi. Nikawaambia joka lina macho kama taa za lori. Mmoja akauliza nani ameliona. Babu yangu, nikasema, na hakuwahi kudanganya ila akiwa macho! Wamecheka mpaka wakakaa chini. Mimi nimeendesha lori Kampala, Kigali, Goma. Kuongoza watu wa viatu vyeupe juu ya mawe ni kupumzika.

Kathini wangu anasema mama yake anapanda kesho, kufunga na kuomba siku tatu. Mama wa kanisa! Na anaombea pale pale babu zake walipochinja mbuzi wa mvua. Nimeuliza anaombea nini. Kathini akaendelea kuchambua ndengu.

Jumatano, 10 Julai

Nimeambiwa. Ananiombea mimi.

Miaka sita na Kathini. Mbuzi wa mahari nilipeleka wote, tena wanono, lakini kanisani sijaingia naye. Njoo-tukae, ndivyo watu wanatuita. Sasa mama amemwambia: kama hakuna harusi mwaka huu, rudi nyumbani. Kathini ameniambia bila kunitazama. Na begi amelitoa chini ya kitanda. Eti lipate hewa. Hewa!

Nimesema mwaka ujao, mpenzi. Akasema hiyo "mwaka ujao" anaijua, imekula kwake kila Krismasi.

Alhamisi, 11 Julai

Begi bado liko nje. Kathini amepika mboga tamu kupita kawaida. Hiyo ndiyo imenitisha.

Ijumaa, 12 Julai — juu ya kilima

Naandika daftari likiwa gotini.

Nilipanda asubuhi kuangalia njia. Nikasikia mtu analia nyuma ya lile jiwe kubwa la kileleni. Sauti naijua — ni mama yake Kathini! Kwa kilio chake nimejua ameteleza kwa mwamba wenye umande, mguu umevimba, hawezi kusimama. Nimevuka mipaka minne na askari wa kila aina, lakini hatua tatu za kuzunguka jiwe zimenishinda. Mama mkwe! Ni nthoni, ile aibu ya wakwe. Nikimwona njiani mimi huingia kichakani mpaka apite. Miaka sita, na uso wake naujua kwa picha. Sasa nimbebe mgongoni? Afadhali joka.

Simu ilishika kwa shida. Kyule, ndugu ya Kathini, anatoka Kibwezi na pikipiki, atampitia Kathini waje pamoja. Akasema, "Shemeji, kaa hapo, nyani wasimsumbue." Nimekaa. Yeye upande ule, mimi upande huu, mgongo kwa jiwe.

Mara akaanza kuomba kwa sauti.

"Bwana, kama kuna mtu huko nyuma, mwambie nina kiu."

Nikasukuma chupa ya maji kwa fimbo mpaka ukingo wa jiwe. Mkono ukatoka, ukaichukua.

"Asante, Bwana."

Nami nikavua kofia. "Bwana, mwambie mama kwamba Kyule yuko njiani. Asikanyage huo mguu."

"Bwana, mwambie nimesikia. Na nyani ameenda na leso yangu."

Nikatupa mawe, leso ikaanguka. Nikaipitisha kwa fimbo, macho nimeelekeza vilima vya Chyulu. Tumeendelea hivyo, Mungu anatubebea maneno kama utingo wa lori. Nimemweleza Bwana habari za joka na taa za lori, na huko nyuma mtu akacheka. Sikujua mama huyu anacheka!

Ukungu umefunguka. Chyulu ni kijani tupu, na kule chini barabara ya Mombasa, malori kama siafu.

"Bwana," akasema, polepole, "huyu kijana si mbaya. Mbuzi zake zilikuwa nono. Muulize basi, mtoto wangu ana kasoro gani, asiingie naye kanisani?"

Ala!

Kasoro hana. Hata moja. Anajua kunicheka nikijisifu na kunitetea nikichekwa na wengine. Niliposhuka lori bila kazi, yeye ndiye alisema watu watalipa kusikia uongo wangu wa kilima. Nikafungua mdomo niseme hayo. "Bwana, mwambie —" Nikaishia hapo. Mimi, Mwangangi, mdomo wa Kambu nzima! Nikajifanya nakohoa. Nimetoa daftari nipange maneno, na yote niliyopanga ni haya ya kuandika, si ya kusema.

Pikipiki inasikika huko chini. Bado ni mbali.

Nyuma ya jiwe, amekohoa yeye pia.

"Bwana, mwambie asiharakishe jibu. Mimi na huu mguu hatuendi mahali."