Karatasi Yenye Ulikataa Kuangalia

Baba Yolande,

Asubuhi uliangalia pembeni. Niliweka karatasi ya ruhusa ya kazi mbele yako, ukaanza kukoroga chai yenye haina hata sukari.

Maharagi iko ku moto, usiache iungue. ~~Nitarudi saa kumi.~~ Nitarudi wakati kazi itaisha.

Ulisema: « Mama muzima wa miaka makumi ine na sita, utapiga batu sindano na macho gani? » Na macho ile ile yenye ilikuona 1981 ukiniambia niache kazi ya infirmière, ya kutunza bagonjwa, kidogo tu, mpaka batoto bakomale. Miaka makumi mbili imepita, leo Yolande iko na batoto babili kule Kayna. Kidogo yako haiishi?

Jana mwanamuke mwenye alikimbia vita ya Beni alizalia chini, ku sima ya centre yetu ya bagonjwa. Infirmières bote balishakimbia vita. Docteur ananitaka, lakini sheria inakataza mwanamuke wa ndoa kutumika kazi bila signature ya bwana yake. Sheria ya bure! Nimeenda na blouse yangu nyeupe ya kazi. Sikukuomba ruhusa ya kuenda, nakuomba usinirudishe.

Bic iko juu ya karatasi. Tia signature, na uilete ku centre wewe mwenyewe sasa hivi.

Mama Yolande, infirmière