Kwa Mjomba Aliyelinda Ukurasa wa Dhahabu

Mjomba wangu mpendwa,

Mama alinieleza jambo jana, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka ile Ijumaa ya mapumziko ulipokuja kwetu Al Barsha, hapa Dubai? Ulikuwa umelinda maonyesho ya vitabu vya kale pale Al Quoz mwezi mzima. Ukanichorea ukurasa mmoja wa dhahabu wa kitabu kimoja kwenye karatasi iliyofungiwa chapati: nyota ndani ya nyota, kama zulia. "Kila mgeni anasema ni Kurani," ukaniambia. "Lakini ni Biblia ya Wayahudi, ya Hispania ya zamani. Na hiyo mistari ya nyota si mistari. Ni maandishi, madogo kama sisimizi. Simama pale zamu nzima, utayaona tu."

Nikakujibu, "Aah Mjomba, wewe ni soja tu, umejuaje?" Ukacheka, ukaendelea kula.

Halafu darasa letu likaletwa kwenye maonyesho hayo. Mwalimu akauliza Kurani ni ipi. Wote tukaonyesha ule ukurasa wa dhahabu, hata mimi niliyeambiwa. Nilikuwa nimekuona kando ya kioo, umevaa sare yako. Rafiki zangu walikuwa karibu, nikainamisha kichwa. Nawe ukasema kwa Kiingereza, taratibu, "Miss, rudi nyuma kidogo tafadhali." Kama hunijui kabisa.

Kisha dada mmoja anayeongoza wageni akatucheka kidogo. Akasema ni Biblia ya Kiebrania. Wayahudi, Wakristo na Waislamu waliishi mji mmoja kule Hispania, wakapenda nakshi zilezile. Akatupatia lenzi, nikayaona maandishi. Yalikuwa vilevile ulivyoniambia.

Wiki mbili baadaye mkataba wako ukaisha, khalas, ukarudi Kakamega. Pale uwanja wa ndege nilikupa mkono tu.

Sasa Mama anasema Nyanya anajivuna kanisani kwamba mjukuu wake wa Dubai ndiye aliyemfumbulia mjomba wake siri ya kile kitabu. Kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia hivyo. Mjomba, kwa nini? Nilikukana mbele ya watu, nawe ukaenda kunisifu kwa kitu ulichokiona kwa macho yako.

Unajua mimi kwenye simu ni "ndiyo" na "sawa", basi. Lakini Jumapili, Mama akimpigia Nyanya, nitaiomba simu. Nitamwambia aliyeyaona maandishi ni mwanawe, na aliyejifanya hamjui ni mimi. Akiniuliza kwa nini, nitamwambia niliionea haya sare yako mbele ya rafiki zangu.

Kaa salama, na univumilie.

Mpwa wako wa Al Barsha