Toeni Mtu

Kaka Mutua,

Ulinifundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya mpokeaji kabla ya kutaja yako. Hali yako naijua, nilikuwa pale kaburini, kwa hivyo hapo naruka. Mimi ni mzima. Hapa Carrollton, kando ya Dallas, kuna joto, kiyoyozi kinanguruma kama lori lako, na jana timu yangu ilichapwa tena.

Nasema timu yangu kwa sababu ulikataa katakata kuiita yetu. Wewe ulikuwa mtu wa Houston, mimi wa Dallas, na katikati ile barabara uliyokuwa ukiipanda na kuishuka na trela kila wiki. Besiboli uliijulia redioni, mikono ikiwa kwenye usukani. Mwaka wako wa kwanza Amerika hukuwa umeuona mchezo wenyewe hata kwenye televisheni. Halafu Jumamosi moja ukapitia kwangu, ukaketi mbele ya ugali na sukuma wiki, ukanitangazia kwamba umegundua jambo: Wamarekani wanalipana mamilioni kucheza raunda.

"Raunda yenu, sista. Ile ya wasichana."

Nilicheka, lakini hukukosea sana. Mtu wa kurusha, mtu wa kupiga, vituo vinne vya kukimbilia, na makelele. Nilikuwa nimeucheza shule ya msingi nikiwa nimefunga sketi kiunoni. Basi kwa mara ya kwanza katika maisha yetu kukawa na mchezo wa mpira ninaouelewa kukushinda, nawe ukaniuliza maswali mpaka ugali ukapoa.

Mchezo wenyewe haukukusumbua. Kilichokukera ni mishahara. Ulinieleza kwa hasira ya mtu ambaye yeye ndiye amepunjwa, kwamba timu ya New York inaweza kulipa wachezaji wake fedha ambazo timu kadhaa za miji midogo zikikusanya pamoja hazifikii. Televisheni ya mji mkubwa inalipa vizuri, na pesa ile inabaki kwao. Mji mdogo unalea kijana, unamvumilia anapokosea, na akishaiva anakuwa huru kwenda atakako, matajiri wanamchukua. Ulisema ni sawa na kulisha ndama wa kwako ili akianza kutoa maziwa aende zizi la jirani.

Nilikuuliza kama hawana dawa. Ukasema wanazo mbili. Ya kwanza, timu zilizofanya vibaya hutangulia kuchagua vijana wapya. Hiyo uliipenda, ukasema angalau hapo wana utu. Ya pili ni kodi wanayotozwa wanaopita kiasi katika mishahara. Hiyo ilikuchekesha. Mtu akiwa na pesa hivyo, ulisema, atalipa kodi na bado atanunua. Kisha ukajifuta mikono na kusema wangewaita watu wa kwetu Athi River wawafundishe sheria moja tu.

Ninaijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote. Nyuma ya kota, kwenye uwanja wa vumbi, mpira wetu ukiwa wa majuala ya plastiki yaliyofungwa kamba, upande mmoja ukizidiwa hadi mchezo unaharibika, waliozidiwa walisimama na kupiga kelele: toeni mtu! Na upande wenye nguvu ulitoa mtu mmoja akavuka kwenda kuwasaidia. Hakuna aliyebishana. Kushinda watoto waliokata tamaa hakukuwa na utamu wowote.

Ila nahodha ulikuwa wewe, na mtu aliyetolewa nilikuwa mimi. Kila mara. Nilivuka uwanja ule nikilia, nikijua nyuma yangu kuna watoto wa kota nzima ambao kaka yangu mwenyewe anawaona bora kuliko mimi. Sikukuuliza sababu. Nilibeba tu, jinsi watoto wanavyobeba, hata nikaja nayo Amerika.

Unaikumbuka siku timu zetu zilipokutana Arlington? Ulikuwa msimu ule ambao timu yangu ilikuwa imemsajili mchezaji ghali kuliko wote waliowahi kusajiliwa. Tulikaa juu kabisa, viti vikituchoma mapaja, wewe na fulana yako ya Houston katikati ya watu wangu. Mtu wetu ghali alipiga vizuri sana, kama kawaida yake. Tulikuwa tunashindwa vilevile, na msimu huo tulishika mkia. Ulifurahi mno. Ukasema walinunua mtu mmoja wakasahau watu wa kurusha, na kwamba hata pesa inataka mtu mwenye akili wa kuitumia. Wewe na mahubiri yako! Nikaona nikukatize. Nikakuuliza mbona siku zile ulikuwa unanitoa mimi.

Hukunitazama hata. Macho yalikuwa uwanjani, mdomo umejaa karanga.

"Sasa ningetoa mbovu, ningekuwa nimesaidia nani?"

Ukaendelea kumenya karanga zako. Mimi sikuona tena mchezo wa siku hiyo ulivyoisha. Nilifurahi, kaka, nisikufiche. Nilikasirika pia, kwa sababu neno hilo lingenifaa zaidi nikiwa mtoto. Lakini ndivyo ulivyokuwa. Ulidhani kila mtu anaona unachokiona.

Nakuandikia kwa sababu sheria yako imeleta mambo.

Tangu tukuzike, mke wako hajakaa chini. Unajua wifi alivyo. Alikataa usafirishwe nyumbani, akasema watoto wanataka mahali pa kukutembelea, na kwa hilo shangazi Ndunge bado hajamsamehe. Anafanya zamu mbili kwenye nyumba ya kulea wazee. Akiwa kazini, binti yako Mwikali ndiye anayepika, anayewapeleka wadogo zake kwenye basi la shule, anayesaini wanapoletewa vifurushi. Ana miaka kumi na minne. Hapo Houston hawana ndugu, wana kanisa, na kanisa lina watu wenye zamu zao.

Basi shangazi akaitisha mkutano wa simu, yeye akiwa Athi River, mimi huku, wifi kule, na kila mtu anamkatiza mwenzake kwa sababu sauti inachelewa. Uamuzi wake ulikuwa umeshapikwa. Mwende, yaani mimi, hana mume, hana mtoto, ana nyumba ya vyumba vitatu na kazi ya eksirei katika hospitali nzuri. Mwikali ana akili, shule za huko Dallas zinasifika. Mwende amchukue Mwikali. Mzigo wa wifi utapungua, na msichana atapata maisha. Kila mtu akaona ni busara. Wifi akasema kwa sauti ndogo kwamba nikimtaka, nimchukue.

Nitakuambia ukweli: nilimtaka. Niliona tayari chumba chake, viatu vyake mlangoni. Ningempeleka Arlington nimfundishe timu ya kushangilia. Sijawahi kutaka kitu hivyo kwa miaka mingi, na kilikuwa kinaletwa kwenye sahani, na ukoo mzima unaniita mtu mwema.

Halafu nikakusikia na karanga zako. Nani hapa ana nguvu, na nani amezidiwa? Mimi mwenye vyumba vitatu nimchukue yule mmoja anayewashikilia wenzake, kwa sababu ameiva na mimi ninazo nafasi? Hiyo si kusaidia. Hivyo ndivyo New York wanavyofanya, na wao pia wanasema kijana anaenda kupata maisha. Nikakaa na simu sikioni nikihisi uchungu, kwa kweli, maana nilijua nimeshamkosa.

Niliwaacha wamalize. Kesho yake nikampigia wifi peke yake.

"Mwikali abaki na ndugu zake," nikamwambia. "Nakuja mimi."

Aliuliza kazi je. Aliuliza nyumba je. Kisha akalia, na wewe unajua kwamba hata makaburini hakulia. Mwikali akachukua simu kuona kuna nini. Nilipomweleza, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha Houston kama sasa nitashangilia timu yao. Nikamwambia nahamisha vyombo, sihamishi imani. Akacheka. Anacheka kama wewe, kwa pua, inaudhi.

Nimeshapata kazi katika hospitali ya huko. Watanilipa pungufu ya wanavyonilipa hapa, na nyumba hii nimeipangisha kwa familia ya Wakongo waliokuwa wamebanana katika nyumba ndogo kule Mesquite. Shangazi anasema nimepoteza akili. Besiboli ina jina la mtu asiyefungwa na mkataba, anayeweza kwenda popote. Nimekuwa mtu huyo, na kwa kadiri ninavyosikia, wenzangu wote huelekea kwenye pesa. Mimi nimegeuza trela.

Sitakudanganya kwamba siogopi. Jikoni kwa mwanamke mwingine ni kwa mwanamke mwingine, hata awe wifi mwema. Na Jumapili nitakuwa ninapita karibu na kaburi lako, kitu ambacho kutoka Carrollton niliweza kukiepuka.

Lala vizuri, kaka. Ile safari ya kuvuka uwanja naijua vizuri, ila sijawahi kuifanya bila machozi na bila wewe kunisukuma mgongoni. Safari hii hakuna nahodha aliyeniita jina. Nimesikia wamezidiwa, nimejitoa mwenyewe. Na wewe ulishasema: huwa hatutoi mbovu.

Dada yako, ambaye sasa ni wa upande wa wifi,
Mwende