Ndege Nimewapeleka kwa Baba Mdogo

Shangazi,

Leo nimepanda dungu lako la kufukuzia ndege mpaka juu. Nimepumzika mara mbili kwenye ngazi, nikakaa kwanza kifua kitulie, halafu nikapiga ukelele. Sauti imetoka! Ndege kwelea wakanyanyuka wote kwenye mpunga wetu, wakaenda kutua kwa Baba Mdogo. Nikawatazama wakila. Nikafurahi, na wala usinigombeze.

Unakumbuka tulivyoinuka kutoka kwenye yale mafua? Homa imekwisha, kikohozi kimekwisha, lakini kwenda kisimani na kindoo kidogo tunatua njiani mara tatu. Ukasema, "Twende mwendo wa bibi harusi," tukashikana mikono, tukacheka mpaka kicheko chenyewe kikatukata pumzi. Daktari wa Kibiti alituambia mapafu bado yanapona, tufanye kazi kidogo kidogo, mwili ukikataa tupumzike. Tukamsikiliza.

Ndipo akaja Baba Mdogo. Ndugu yako wa tumbo moja, Shangazi! Shamba lake limepakana na letu, amezoea wewe ndiye unayeamia, unayefukuza ndege wa mashamba yote mawili, yeye yuko zake barazani anacheza bao. Akakwambia mbele ya watu, "Mafua gani ya mwezi mzima? Unadeka tu." Ukaona haya. Ukapanda dunguni, ukapiga kelele kutwa, siku tatu. Ya tatu nikakukuta umekaa chini ya ngazi, midomo imebadilika rangi, hata kuniita jina huwezi. Tulikubeba, lakini hospitali hukufika.

Kwenye arobaini yako alikula pilau sahani mbili. Nilimwona.

Sasa na yeye yamempata, mafua yale yale. Homa imemwacha, nguvu hazijarudi. Juzi kaja mpaka mlangoni kwangu, hatua chache tu kutoka kwake, kashika ukuta anahema. "Mwanangu, nisaidie kuamia na kwangu. Pumzi sina."

Nikamtazama vizuri. "Mafua gani ya mwezi mzima, Baba Mdogo? Unadeka tu."

Lo, Shangazi, ungeuona uso wake!

Najua wewe ungemwonea huruma. Ungepanda, ungepiga kelele za mashamba yote mawili. Huruma hiyo hiyo ndiyo iliyokuzika, na mimi sinayo. Dunguni simpeleki, sitaki afe. Nataka apone polepole, akae pale barazani, asikie.

Kwa hiyo najitunza. Napumzika daktari alivyosema, nakunywa uji, kila siku naongeza kipandio kimoja cha ngazi kabla ya kupumzika. Sauti ikirudi yote, kila ukelele wangu atajua ni kundi jingine linakwenda kwake.

Pumzika, Shangazi yangu. Mungu akupe nafasi na hewa huko uliko. Mpunga wetu nitauvuna wote, nakuahidi. Wa kwake watauvuna ndege.